Mashahidi wa Korogwe

Joha alikuwa amepiga goti juu ya mapazia, akiyakandamiza ndani ya boksi ili yatoe hewa, gundi ya utepe ya kufungia ikiwa imemvaa kifundo cha mkono kama bangili, simu yake ilipoita mara moja chini ya shuka na kunyamaza. Hakuitafuta papo hapo. Mapazia ukiyaachia kabla hujayalaza chini ya kitu kizito hufura tena, na kazi inaanza upya. Akavuta sufuria yenye kitako kinene, akaitua katikati, akangoja aone kama imetulia, ndipo akapapasa kitandani.

Boksi lenyewe liliwahi kubeba friji ya watu. Sasa lilisimama kati ya kitanda chake na kabati la Betty, limeziba njia, na wenzao wa chumba walilazimika kupita kiubavu kwenda bafuni. Hakuna aliyelalamika. Katika nyumba zile za Discovery Gardens, Dubai, ambamo sebule hukatwa kwa mbao ikawa vyumba, kila mtu alikuwa na boksi lake, au ametoka kulituma, au anakusanya vya kutia katika lijalo. Jumatatu asubuhi mtu wa kago angekuja kulichukua. Lingepanda meli, kisha lori, mpaka Korogwe, mpaka barazani kwa mama yake, ambako majirani wangekuwa wamekwisha kukaa wakilingojea.

Ulikuwa ujumbe wa sauti. Jina lilimfanya aketi ukingoni mwa kitanda: Dada Irene, Ustawi.

"Habari za leo, dada Joha. Ni Irene wa chuoni, ofisi ya ustawi wa wanafunzi. Samahani kukusumbua Jumamosi. Nimezungumza na mwenyekiti wako wa mtaa, na mama pia. Kwa kweli umeacha jina zuri, wamekusema vizuri mno. Ila kwa hayo waliyonieleza, mfuko hauwezi kukusaidia. Mfuko ni wa watu wazima wanaorudi masomoni na hawana uwezo. Nafasi yako darasani iko palepale, usiogope. Kilichokwama ni bweni na chakula. Kamati inakaa Jumatatu asubuhi. Kama kuna kitu hakikuelezwa sawasawa, mwenyekiti wa mtaa mwenyewe anipigie kabla hawajaingia. Maneno ya mwombaji siwezi kuyapokea, utaratibu ndivyo ulivyo. Pole, dada yangu."

Joha akausikiliza tena. Kisha akasimama, akaitoa sufuria, akayavuta mapazia yote nje, akaanza kuyakunja upya, sasa kwa urefu, kana kwamba kosa lilikuwa pale.

Alikuwa amesoma mwaka mmoja wa chuo, ufundi wa maabara ya maji. Alikipenda kile chumba cha maabara, vichupa vyenye lebo vimepangwa rafuni, na jinsi maji yanayoonekana safi machoni yanavyobadilika rangi yakitiwa tone la dawa. Baba yake alipougua, Joha alifunga madaftari akaja Dubai kufanya usafi kwa muda mfupi tu, wadogo zake wamalize shule. Wadogo wakamaliza. Baba akafariki. Nyumba ikapata bati jipya. Ule muda mfupi ukawa umekula ujana wake bila kelele, na hakumlaumu mtu kwa hilo. Lakini kila kiangazi alipofungua bomba la maji baridi katika nyumba ya watu na yakatoka ya moto kwa jinsi jua lilivyochemsha mabomba, bado alijiuliza maji yale yana chumvi kiasi gani, na nani aliyeyapima, na kwa kifaa gani.

Kwa mwaka mzima alikuwa akijifundisha kemia upya kwenye simu, ndani ya basi la kampuni, sura kwa sura. Alipokosea swali alilirudia kesho yake, na keshokutwa, mpaka likakubali. Chuo kikamwandikia kuwa arudi. Ada alikuwa ameiweka akiba. Lakini siku atakayoacha kazi ndiyo siku mshahara unakoma, na mtu hawezi kusoma huku hajui atalala wapi. Ndipo aliposikia habari za mfuko. Mwombaji wa mfuko hajisemei. Wanaomsema ni watu wawili wa kwao, kiongozi wa mtaa na mtu wa nyumbani.

Joha hakuwafundisha la kusema. Aliona kufanya hivyo si haki. Aliwaambia tu, "Mtapigiwa simu na chuo. Semeni mnalolijua."

Nao wakasema walilolijua.

"Nyabo, dada yangu," sauti ikatoka nyuma ya kanga iliyotundikwa mbele ya kitanda cha ng'ambo, "hayo mapazia unakunja ama unapigana nayo?"

Betty alikuwa Mganda, mlinzi wa zamu ya usiku katika duka kubwa, na Jumamosi mchana kwake ulikuwa usiku wa manane. Alitoa kichwa kwenye kanga, nywele zimelala upande mmoja.

"Nisamehe, nimekuamsha."

"Umeniamsha zamani. Ulipovuta sufuria mara ya kwanza. Kuna nini?"

"Wamenikatalia."

"Chuo?"

"Chuo kimenikubali. Msaada ndio wamekataa. Mama na mwenyekiti wetu wamewaambia nina uwezo."

Betty alimtazama, akatazama kitanda chake chembamba, akatazama ndoo aliyoigeuza kuwa meza. "Uwezo? Wewe? Si ni jana umeniomba shampuu?"

"Betty, usinichekeshe."

"Sicheki. Nauliza hiyo uwezo unaificha wapi, mimi nalala hapa miaka yote sijaiona." Kisha akauona uso wa mwenzake, akaketi vizuri. "Banange, jamani. Basi mpigie huyo mwenyekiti. Amesema, si ataweza kusema tena?"

Joha akapiga. Alipokuwa akingoja alizunguka boksi mara kadhaa, akatoka hadi jikoni, akarudi. Mzee Nassir alipokea huku nyuma yake mtu akijaribu spika, moja mbili, moja mbili.

"Joha binti yangu! Hiyo ndiyo sauti ya Dubai!"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, marahaba. Umetukuta na pilikapilika, leo jirani yenu Masuda anaoza binti. Enhe, wale wa chuo wamekupigia? Nimekusafishia njia, usiwe na shaka kabisa."

"Uliwaambia nini, mzee wangu?"

"Ningekuharibia mimi? Nilimwambia yule binti, sikiliza, huyu mnayemuuliza si mtu wa kubabaisha. Msikiti wetu una zulia lake, ukuta mpaka ukuta. Televisheni ninayotazamia taarifa ya habari ni yake. Mama yake kila mwezi wa Ramadhani jirani hakosi kitu. Nikamwambia chuo hakitapata hasara, mkimpokea atawajengea hata vyoo!" Akacheka, na kicheko chake kilikuwa cha mtu aliyefanya wema na anajua.

Joha akafumba macho. Hakuweza kumchukia. Mzee wa watu aliombwa kumsema mtu, naye alimsema kama wanavyosemwa watu wanaopelekwa posa, kazini au ugenini: kwa kumpandisha. Nani amewahi kwenda kumsemea mtoto wa mtaani kwake kwa kumshusha?

"Mzee, ule msaada ni wa watu wasio na uwezo."

Spika ikapiga kelele, ikazimwa. "Sasa wewe unauombea nini?"

"Kwa sababu sina."

Joha alisikia kandambili zikitembea, mzee akijitenga na watu. Aliporudi alikuwa akinong'ona.

"Nimekuelewa. Unaogopa kijicho."

"Hapana, mzee..."

"Usiogope kuniambia mimi. Marehemu baba yako alikuwa hivyohivyo. Akivuna machungwa vizuri, magunia anayafunika majani ya mgomba, ukimuuliza anasema mwaka huu hamna kitu. Lakini mimi ni mwenyekiti, Joha. Nimekwisha kutamka. Nimpigie yule binti nimwambie niliyemsifu juzi leo ni fukara? Si atauliza nimerogwa na nani?"

"Si kijicho. Mimi ninafanya usafi katika nyumba za watu. Lile zulia lilikuwa linatupwa. Madam alikuwa anabadilisha rangi ya sebule."

"Unasimamia wafanya usafi. Mama yako alinieleza, umeneja."

"Sisimamii mtu. Ninafagia. Ninapiga deki."

"Haya, mwanangu. Una adabu, unajishusha, ndiyo malezi hayo." Mtu alimwita kwa nguvu kutoka upande wa mahema. "Tutaongea, hapa bila mimi hawajui hata pa kuweka sufuria. Msalimie madam!"

Simu ikakatika. Joha akabaki ameishika sikioni.

"Amesemaje?" Betty akauliza.

"Anasema nina adabu."

Hakuwahi kusema uongo, hilo aliweza kuliapia. Ila kule kwao watu waliosafiri huonekana kwa simu za video. Unampigia mtu akiwa na mafua, akiwa hajachana nywele, unaona na ukuta wa nyuma yake. Hapa Dubai simu za mtandaoni zilizuiwa, hazikuwa zikipita. Zilipita picha, na sauti zilizorekodiwa. Basi Joha alipiga picha mahali penye mwanga mzuri, na mwanga mzuri ulikuwa katika nyumba za wenyewe, zenye madirisha kutoka sakafuni hadi darini. Alivua aproni kabla ya kupiga, kwa sababu ilikuwa imelowa. Siku moja mama aliuliza, "Hapo ndipo ofisini kwako?" naye akajibu, "Ndipo ninapofanyia kazi, mama." Ilikuwa kweli tupu. Kisha akatuma boksi. Na boksi likafuatwa na boksi.

"Nyinyi Watanzania mna shida," Betty alisema huku akijifunga kanga na kushuka kitandani. "Kwetu hii maneno haiwezi kutokea. Unajua kazi ya nje tunaiitaje? Kyeyo. Ufagio. Ukisema Kampala fulani yuko kyeyo, hata mtoto anajua fulani anafagia. Mama yangu akisali kanisani anasema, Mungu mlinde mtoto wangu kwenye ufagio wake. Khalas, basi. Nani atanipa cheo cha meneja?"

"Na wakikuona umerudi na masanduku?"

"Watasema amefagia vizuri."

Joha alicheka bila kutaka. Alikwenda dirishani. Chini, mitende ya bustanini ilikuwa imesimama kimya katika joto, hata paka hakuonekana. Akarudi. Akatoa viatu vya watoto kwenye boksi akavipanga pembeni kwa ukubwa.

"Mpelekee video," Betty akasema.

"Mzee Nassir? Atasema nimeigiza."

"Sio mzee. Mama. Mama atamwonyesha mzee. Mwanaume kama huyo anaweza kubisha na wewe, na chuo, hata na serikali. Anaweza kubisha na mama yako?"

Hilo ndilo alilokuwa akilizunguka tangu simu ilipoita, kama alivyolizunguka boksi. Hakuwa akimwogopa mwenyekiti. Baba alipofariki, mama yake alikuwa mjane wa kukaa nyuma kwenye mikeka ya shughuli, karibu na jikoni, wa kutumwa maji. Leo alikuwa na kiti. Kiti hasa, cha plastiki, mbele, karibu na bibi harusi, na madera ya kubadilisha, na watu wa kumwamkia. Masuda huyohuyo, anayeoza leo, ndiye aliyekuwa akimtuma maji. Kumwambia mama ukweli kulikuwa ni kumwendea mbele za watu na kumwondolea kiti.

Na kutomwambia kulikuwa ni kukunja mapazia ya watu mpaka uzee.

"Shika simu," alisema. "Kabla sijaghairi."

Mara ya kwanza waliharibu, kwa sababu Betty alianza kwa kurekodi miguu yake mwenyewe. Mara ya pili Joha alianza kwa salamu ndefu, akauliza hali za wote hadi kuku, akajikuta amemaliza muda hajasema lolote. Mara ya tatu akavaa sare yake ya kijani iliyoandikwa jina la kampuni mgongoni, ile ambayo mama hakuwahi kuiona, akasimama mlangoni kama mtu anayesubiri kuitwa kwenye usaili.

"Shikamoo, mama. Hapa ndipo ninapoishi. Hiki ni kitanda changu. Vile ni vya wenzangu, wengine wako kazini. Huyu anayepiga picha ni Betty, nimekwisha kukuambia habari zake."

"Shikamoo, mama!" Betty akapaza sauti.

"Hii ndiyo sare yangu. Asubuhi basi la kampuni linatuchukua, kila mtu anashushwa kwenye nyumba yake. Mimi nina nyumba ya Jumatatu, ya Jumanne, hivyo hivyo hadi Ijumaa. Nafagia, napiga deki, nafuta vioo, naosha bafu. Wenyewe watu wazuri tu, hawanipigi, wala hawanitukani. Wakibadilisha vitu, vya zamani wananiuliza kama navitaka." Akainama kwenye boksi, na Betty akamfuata na simu. "Mapazia haya ni ya nyumba ya Jumanne. Sufuria ni za Alhamisi, hiki kifuniko kina mpasuko kidogo. Viatu ni vya watoto wa Jumatano, wanakua haraka. Televisheni ya Mzee Nassir ilikuwa ya Alhamisi pia. Sijanunua hata kimoja, mama. Hela nilizotuma ni zile za bati na za shule, hizo ni jasho langu lote."

Akaokota gundi, akaizungusha mkononi, akaendelea.

"Chuo kinataka kunipa pa kulala na chakula nikirudi kusoma, lakini kinampa mtu asiye na uwezo. Mzee Nassir aliwaambia mimi tajiri. Hakufanya vibaya, ndivyo alivyojua. Nakuomba umwonyeshe hii. Ampigie dada Irene Jumatatu asubuhi na mapema. Asiseme mimi fukara, wala asinililie. Aseme tu kazi yangu."

Betty akazima. Joha akatuma kabla hajaketi, kwa sababu alijua akiketi hatatuma.

Alama mbili zikatokea, zikakaa kijivu. Alikwenda kuoga akarudi, bado kijivu. Akafagia chumba ambacho kilikuwa kimefagiwa. Akaosha vikombe vya watu. Akafungua somo la kemia, akasoma mstari mmoja wa ugumu wa maji hadi maneno yakapoteza maana, akalifunga. Mara alama zikawa bluu, na juu ya jina la mama yakaandikwa maneno kwamba anarekodi. Yakafutika. Yakarudi. Yakafutika.

"Anarekodi na kufuta," alisema.

"Basi anafikiri. Mwache afikiri." Betty alikuwa ameshavaa suruali ya kazi na shati lenye nembo begani, anatafuta mkanda. "Mama yangu mimi angekuwa amekwisha kunitukana mara kumi, tukasameheana, na kuniomba nguo."

Jua lilikuwa limeanza kulegea nyuma ya majengo simu ilipoita. Ujumbe wa sauti, mrefu. Joha aliweka simu juu ya kifuniko cha boksi wasikilize wote wawili, maana peke yake hakuweza.

Kwanza ikasikika taarabu ya mbali, kutoka kwa Masuda, na mlango ukisukumwa kufungwa. Kisha mama akasema, "Joha."

"Nimeingia chumbani nimeufunga mlango. Nimeiona. Hicho kitanda, mwanangu, unageukaje?" Akavuta pumzi. "Hujasema habari za zulia. Umetaja kila kitu, zulia hukulitaja. Nalo ni hivyohivyo? Maana kila Ijumaa wakitoka msikitini wananiamkia kwa ajili ya lile zulia."

Joha aliusimamisha ujumbe, akabonyeza, akarekodi kwa sauti ndogo: "Nalo, mama. Nyumba ya Jumatatu." Akatuma. Akaendelea kusikiliza palipobaki.

"Yule binti wa chuo aliponiuliza kama nyumbani tuna shida, nilimwambia sisi hatuombi msaada, sisi ndio tunaosaidia watu. Nilisema hivyo kwa sauti, ili na waliokuwa barazani wasikie. Nilidhani nakupandisha. Kumbe nakukalia." Taarabu ikapanda, ikashuka. "Ungeniambia. Ningekasirika, lakini ningekasirika mapema, sasa hivi ingekuwa imekwisha."

Betty aliguna taratibu.

"Nassir nitamwendea mimi. Nitakwenda na hii simu, nimkalie mbele mpaka aione yote, na tutakapomaliza atapiga Jumatatu, nitasimama pale nimsikie. Yeye ataona aibu, na mimi nitaona aibu, tutaona wote." Hapo sauti yake ikawa ya mtu anayeomba kitu kidogo dukani. "Lakini iwe kesho. Leo ni shughuli ya Masuda. Nimekwisha kuvaa lile dera la zambarau, na mtoto wake amekuja mara mbili kuniambia kiti changu kimewekwa. Niache leo nikakae, Joha. Kesho nikishakunywa chai nitakwenda kwa Nassir. Usinipigie. Nitakupigia mimi."

Ujumbe ukaisha. Sekunde chache baadaye ukaja mwingine, mfupi, jibu la lile la zulia. Ulikuwa ni kelele za ngoma tu, na mama akisema, kama mtu anayejisemea njiani, "Haya. Jumatatu."

Joha alibonyeza kurekodi. Alitaka kumwambia kwamba kesho ni Jumapili, na baada ya Jumapili hakuna siku nyingine. Alitaka kumwuliza kama atakwenda kweli, kama kiti hakitamnong'oneza kitu usiku kucha, kama Mzee Nassir hatakuwa amechoka na shughuli akamwambia arudi jioni. Alitaka kusema samahani, na alitaka pia kusema mbona hukuwahi kuniuliza vizuri.

"Nenda, mama," alisema. "Kapendeze."

Akatuma.

Betty alikuwa mlangoni, kofia ya kazi kwapani, anapita kiubavu kati ya boksi na kabati. "Atakwenda?"

"Sijui. Amesema atakwenda."

"Mimi naona atakwenda. Mtu anayeaga kiti, amekwisha kukiacha." Akaligonga boksi kwa kifundo cha kidole. "Na hii? Hufungi?"

Joha aliangalia ndani. Mapazia yalikuwa yamelala vizuri hatimaye, sufuria juu yake, na mahali pa viatu palikuwa wazi. Alivuta kipande cha gundi, kikalia kwa ukali, akakishika kwa mikono miwili juu ya boksi. Hakujua mama atataka nini kije, sasa anapojua kinakotoka. Labda hatataka kitu. Labda atataka sufuria tu, za kupikia, bila kusema ni za nani. Akakikunja kile kipande, kikajishika chenyewe kwa chenyewe, akakitupa.

"Kesho," alisema. "Nangoja mama apige."

Betty alipoondoka, Joha alivirudisha viatu ndani kimoja kimoja, kisha akavitoa tena, akaviacha vimejipanga sakafuni, ncha zake zikielekea mlangoni. Gundi akaiweka juu ya kifuniko cha boksi, mahali ambapo asubuhi ataiona.